Mwongozo Kamili: Kuingia Opera ya Vienna Ukiwa Safarini, Hatua kwa Hatua

Vienna ni mji ambao watu wetu wengi hupita kikazi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki liko pale, UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, iko pale, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu iko pale. Mtu anatoka Dodoma, Nairobi au Kampala kwa kozi ya wiki mbili, na jioni moja anajikuta mbele ya Wiener Staatsoper, jumba la taifa la Austria la opera, yaani maigizo yanayoimbwa. Anapiga picha, anarudi hotelini.

Wanaojaribu kuingia hukwama palepale walipokwama waliowatangulia. Mmoja amenunua tiketi barabarani kwa kijana aliyevaa wigi jeupe, akaishia kwenye ukumbi mwingine kabisa. Mwingine amefika mwezi Julai na kukuta milango imefungwa. Mwingine kadi yake ya benki imekataa dakika ya mwisho. Mwingine amechelewa dakika tano na kutazama nusu ya onyesho kwenye televisheni. Yote haya yanazuilika. Huhitaji utajiri, huhitaji suti ya harusi, wala huhitaji kujua Kijerumani au Kiitaliano.

Mwongozo huu unashughulikia Staatsoper ya Vienna, na hasa tiketi za kusimama, kwa sababu ndiyo njia nafuu na ya uhakika zaidi kwa msafiri.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti yenye viza halali ya Schengen. Kama uko Vienna kwa mkutano, tayari unayo.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, pamoja na laini ya simu inayopokea ujumbe ukiwa nje ya nchi.
- Euro taslimu kidogo, noti ndogondogo.
- Simu yenye chaji.
- Viatu vya kisigino kifupi vilivyokwisha kuzoea mguu.
- Nguo nadhifu. Maelezo yako hatua ya 5.
- Skafu nyepesi au leso kubwa. Kazi yake utaiona mbele.
- Muhtasari wa hadithi ya opera, uliousoma kabla.

Neno moja kuhusu kadi, maana hapa ndipo wengi huangukia. Ukinunua mtandaoni, benki zetu nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani. Kama laini hiyo haina roming, namba haifiki na malipo yanakufa. Kabla hujaondoka, piga simu benki uwaombe mambo mawili: wafungue kadi kwa malipo ya mtandaoni ya nje, na wakuwekee uthibitisho kupitia programu yao ya simu kama wanayo. Jaribu kununua kitu kidogo mtandaoni ukiwa bado nyumbani. Kikipita, uko salama.

## Hatua ya 1: Hakikisha jumba liko wazi siku zako

Msimu wa Staatsoper huanza Septemba na kuisha mwishoni mwa Juni. Julai na Agosti hakuna maonyesho. Ndani ya msimu pia kuna mapengo: mkesha wa Krismasi na Ijumaa Kuu jumba hufungwa, na kwa kawaida mwezi Februari ukumbi wote hugeuzwa kuwa uwanja wa dansi kwa ajili ya Opernball, hivyo siku kadhaa kabla na baada hakuna opera.

Fungua tovuti rasmi ya jumba, wiener-staatsoper.at, uende kwenye kalenda. Ina ukurasa wa Kiingereza. Jumba hili hubadilisha onyesho karibu kila usiku: leo kazi ya mtunzi Puccini, kesho ya Mozart, keshokutwa balei, yaani dansi ya jukwaani. Hili ni jambo jema kwa msafiri, kwani katika siku nne unaweza kuchagua kazi tatu tofauti. Lakini soma vizuri. Siku za balei kwa kawaida hakuna mwimbaji, na kuna wasafiri waliolipa wakidhani wanakwenda kusikia sauti.

Umefaulu kama: una tarehe mbili au tatu zinazokufaa, na kila moja umeandika jina la opera, saa ya kuanza na urefu wake.

## Hatua ya 2: Chagua opera ya kuanzia

Usichukue iliyopo tu. Uchaguzi mbaya wa kwanza humfanya mtu aape kutorudi tena, na hiyo ni hasara kubwa kwake.

Kwa mara ya kwanza napendekeza *Tosca* ya Puccini, bila kusita. Hadithi inaeleweka hata kwa macho: Roma, mwaka 1800, mwimbaji maarufu anampenda mchoraji, na mkuu wa polisi anamtaka huyo mwimbaji kwa nguvu. Kuna kanisa, mateso, usaliti, ngome alfajiri. Sehemu tatu fupifupi zenye mapumziko kati yake, na hakuna dakika ya kupoteza. Staatsoper bado inatumia maandalizi ya jukwaa yaliyoanza kuonyeshwa pale mwaka 1958, yenye kanisa linalofanana na kanisa na mavazi ya zama zile, kwa hiyo mgeni hapotezwi na ubunifu wa ajabuajabu.

*La bohème*, *Carmen*, *La traviata* na *Der Barbier* (ndivyo Wajerumani wanavyomfupisha kinyozi wa Seville) nazo ni nzuri. *Die Zauberflöte* ya Mozart ina mazungumzo ya kawaida kati ya nyimbo, kwa Kijerumani, ila muziki wake unabeba kila kitu.

Kazi ndefu za Wagner ziache kwanza. *Parsifal* au *Götterdämmerung* pamoja na mapumziko huchukua saa tano au zaidi. Ukiwa umesimama, na siku nzima ulikuwa kwenye semina, mwili hautakusamehe. Kwa upande mwingine, *Salome* na *Elektra* za Richard Strauss ni za kama saa moja na dakika 40 tu, lakini hazina mapumziko, na muziki wake ni mkali. Si za kwanza, ila ni za pili.

Ukishachagua, soma muhtasari wa hadithi yote, hata mwisho wake. Opera haifichi mwisho. Watu wanakwenda kusikia *jinsi* mwisho huo unavyoimbwa.

## Hatua ya 3: Pata tiketi

Ukumbi una viti zaidi ya 1,700, na bei zake zinatofautiana mno: kutoka euro chache hadi zaidi ya 200 kwa kiti kimoja. Kuna njia mbili za maana.

Njia ya kiti. Nunua kwenye tovuti rasmi mapema, wiki kadhaa kabla. Kiti cha bei ndogo mara nyingi kina sababu ya kuwa na bei ndogo. Angalia kama kimeandikwa kuwa uonekano wake una mipaka. Ndani ya vibanda vya pembeni, vinavyoitwa *Loge*, safu ya mbele huona jukwaa. Safu ya pili na ya tatu huona nusu, au huona shingo za walio mbele. Kwa fedha ileile, kiti cha katikati huko juu kwenye *Galerie* ni bora zaidi. Utakuwa mbali, lakini utaona jukwaa zima, na sauti kule juu inapanda vizuri sana.

Njia ya kusimama. Tiketi hii inaitwa *Stehplatz*. Shika neno hilo. Kuna nafasi mamia kadhaa kila usiku, zilizogawanywa sehemu tatu: chini nyuma ya viti (*Parterre*), kwenye roshani (*Balkon*), na juu kabisa kwenye *Galerie*. Ukisimama *Parterre* katikati, uko chini ya kibanda kilichokuwa cha mfalme, ukitazama jukwaa moja kwa moja, nyuma tu ya watu waliolipa mara kumi yako au zaidi. Mahali hapo ndipo ningependa kila msomaji asimame angalau mara moja.

Tiketi za kusimama huuzwa siku ileile ya onyesho: mtandaoni kuanzia saa 4 asubuhi ya Vienna, na zinazobaki kwenye dirisha maalumu lililoko upande wa barabara ya Operngasse, linalofunguliwa dakika 80 kabla ya onyesho. Utaratibu hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo asubuhi hiyo pitia tovuti tena uone saa na bei ya siku.

Kama bado uko nyumbani na unataka kumnunulia aliyeko huko, kumbuka tofauti ya saa. Saa 4 asubuhi ya Vienna ni saa 6 mchana Dar es Salaam na Nairobi wakati wa baridi yao, na ni saa 5 asubuhi wakati wa kiangazi chao.

Kwa mwimbaji maarufu, fika kwenye foleni saa mbili au tatu kabla dirisha halijafunguliwa. Kwa usiku wa kawaida, nusu saa inatosha. Foleni yenyewe ni sehemu ya starehe. Utawakuta wazee wa Vienna ambao wamekuwa wakisimama pale maisha yao yote, na kijana mwenye kitabu cha nota kwapani, watu wanaobishana kwa utaratibu kuhusu nani aliimba vizuri zaidi. Wasalimie. Wanapenda kumsaidia mgeni. Ukifika dirishani, sema: *Stehplatz Parterre, bitte*. Hayo tu.

Onyo la kwanza. Mbele ya Staatsoper na kwenye uwanja wa Stephansplatz utakuta vijana wamevaa makoti marefu mekundu na mawigi meupe, kama Mozart. Wana tabasamu, wana albamu ya picha, na watakuonyesha picha ya ukumbi mzuri. Wanauza matamasha ya watalii: okestra ndogo, vipande vinavyojulikana, mara nyingi kwenye kumbi nyingine. Si wahalifu, na baadhi ya matamasha hayo yanafurahisha. Lakini sicho ulichokifuata. Sema *nein, danke* uendelee na safari yako.

Onyo la pili. Ukitafuta tiketi kwa intaneti, tovuti za juu mara nyingi ni za madalali. Bei yao inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile iliyochapishwa kwenye tiketi. Andika anwani ya tovuti rasmi mwenyewe, herufi kwa herufi.

Umefaulu kama: una tiketi yenye jina la Wiener Staatsoper, tarehe ya onyesho, saa, na sehemu ya kusimama au namba ya kiti.

## Hatua ya 4: Kula, pumzika, fika mapema

Kula kabla. Kusimama saa tatu na tumbo tupu ndani ya ukumbi wenye joto ndiko kunakowaangusha watu, na huko juu kwenye *Galerie* joto linakuwa kali. Kunywa maji ya kutosha pia, maana vinywaji haviingii ukumbini.

Nyuma ya jumba, karibu na makumbusho ya Albertina, kuna kibanda maarufu cha soseji. Kwa Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe: soseji za Vienna kwa kawaida zina nyama hiyo, pamoja na ile yenye jibini inayoitwa *Käsekrainer*. Uliza kabla, au kula kwenye migahawa ya Kituruki ambayo imejaa mjini.

Kwa anayeswali, pangilia kwa mwaka ulivyo. Desemba jua huzama karibu saa 10 jioni, hivyo Magharibi umeshamaliza kabla ya kwenda. Juni jua huzama karibu saa 3 usiku, katikati ya onyesho.

Usafiri ni rahisi kabisa. Kutoka majengo ya Umoja wa Mataifa, panda treni ya chini ya ardhi ya U1 kituo cha Kaisermühlen VIC, upande wa kwenda Oberlaa, ushuke Karlsplatz. Hakuna kubadilisha. Kutoka stesheni kuu, Hauptbahnhof, panda U1 ileile upande wa Leopoldau. Karlsplatz ni kituo cha pili. Fuata alama za *Oper*.

Uwe mlangoni angalau nusu saa kabla. Hili si pendekezo. Taa zikizimika milango inafungwa, na mhudumu hatakuhurumia hata ukimwonyesha tiketi ya euro 200. Aliyechelewa hupelekwa kutazama kwenye skrini hadi mapumziko. Kwa *Salome*, isiyo na mapumziko, maana yake ni usiku mzima.

## Hatua ya 5: Mavazi

Viti vya bei kubwa vina suti nyeusi na magauni marefu, hasa usiku wa kwanza wa onyesho jipya. Kwenye kusimama, watu huvaa suruali safi, shati, sweta, gauni la kawaida. Kaptura na kandambili acha hotelini.

Kitenge kilichoshonwa vizuri, kanzu na koti, dira: vyote vinakubalika na vinapendeza mno katika ukumbi ule mwekundu na wa dhahabu. Usijifiche ndani ya suti ya kuazima kwa kuogopa kuonekana mgeni. Ila epuka kilemba kirefu kichwani. Aliye nyuma yako naye amelipa.

Koti zito, mwavuli na begi la mgongoni lazima vikabidhiwe mahali pa kuhifadhia makoti. Utapewa kipande chenye namba. Kiweke mfuko uleule wenye tiketi.

## Hatua ya 6: Shika nafasi yako

Sehemu ya kusimama ina vyuma vya kuegemea, vilivyopangwa kwa ngazi ili wa nyuma aone. Kama tiketi yako ina namba, simama kwenye namba hiyo. Kama haina, tafuta nafasi ya katikati na funga skafu yako kwenye chuma. Huo ni utaratibu wa miaka mingi pale: skafu ikifungwa, nafasi ina mwenyewe, na unaweza kwenda chooni au kuzunguka jumba bila wasiwasi. Usifungue skafu ya mtu, na usifunge simu wala pochi.

Mbele yako kuna skrini ndogo. Iwashe uchague lugha. Kiswahili hakipo, lakini Kiingereza na Kifaransa vipo, hivyo Mtanzania na Mrundi wote watasoma maneno yanayoimbwa. Ushauri wangu: katika sehemu ya kwanza soma kidogo, na wimbo mkubwa ukianza, acha kusoma kabisa. Tayari unaijua hadithi.

Umefaulu kama: unaona jukwaa zima, skrini inawaka kwa lugha yako, simu imezimwa kabisa, na zimebaki dakika kumi kabla ya onyesho kuanza.

## Hatua ya 7: Wakati wa onyesho

Utasikia okestra ikipatanisha ala, kisha kimya, kisha makofi: kiongozi wa okestra ameingia. Piga makofi pamoja na wengine.

Sasa sikiliza kwa makini jambo moja. Waimbaji hawatumii maikrofoni. Sauti ya mwanamke mmoja inapita juu ya okestra nzima na kukufikia nyuma ya ukumbi kwa nguvu ya pumzi na ufundi wa miaka. Ndiyo maana mnong'ono wako unasikika, karatasi ya pipi inasikika, na taa ya simu inaudhi safu nzima. Hakuna kupiga picha wala kurekodi onyesho likiendelea. Picha za ukumbi piga kabla au baada.

Hapa desturi yetu na yao zinapishana. Kwenye taarabu, wimbo ukikugusa unainuka, unacheza hadi mbele, unamtunza mwimbaji, na ndivyo inavyotakiwa. Opera hisia unazizuia mpaka wimbo uishe, halafu unaziachia zote kwa mkupuo. Katika *Tosca*, sehemu ya pili, mwimbaji anaimba *Vissi d'arte* akiwa amekata tamaa. Noti ya mwisho ikiisha, ukumbi hulipuka kwa makofi na *brava!* Piga nawe, paza sauti, usione haya. Kwa Mozart na kwa Waitaliano, makofi baada ya wimbo mkubwa ni kawaida. Kwa Wagner subiri mwisho wa sehemu, na baada ya sehemu ya kwanza ya *Parsifal*, Vienna ina mazoea ya kunyamaza kabisa. Ukiwa na shaka, wasubiri wale wazee wa kwenye foleni. Wao hawakosei.

Miguu ikianza kuuma, hamisha uzito mguu hadi mguu na uegemee chuma. Ukisikia kizunguzungu, keti chini palepale, taratibu. Watu watakupisha, wamezoea.

## Hatua ya 8: Mapumziko na kurudi

Mapumziko huwa kama dakika 20. Acha skafu, toka nje ya ukumbi, nyoosha miguu. Panda ngazi kuu ya marumaru: sehemu hiyo ya jengo ilinusurika mabomu ya Machi 1945 yaliyoteketeza ukumbi wenyewe, na ni ya asili tangu 1869. Vinywaji kwenye kaunta ni ghali na foleni ni ndefu, hivyo kama lengo ni maji tu, nenda haraka. Kengele zikilia, rudi.

Mwisho wa onyesho usikimbilie koti. Waimbaji hutoka mbele ya pazia mmoja mmoja, na kule nyuma kwenye kusimama ndiko makofi hudumu kuliko kwingine kote. Baki.

Treni za chini ya ardhi hufanya kazi hadi karibu saa sita na nusu usiku siku za kazi, na usiku kucha Ijumaa na Jumamosi. Opera ya kawaida iliyoanza saa 1 jioni inakuacha na muda wa kutosha.

## Kama tiketi zimekwisha

Zunguka upande wa Operngasse dakika 20 kabla ya kuanza. Mara nyingine kuna mtu ambaye mwenzake ameshindwa kufika na anauza tiketi kwa bei ileile iliyochapishwa. Kagua tarehe na saa kabla ya kutoa fedha, na usilipe zaidi ya bei iliyoandikwa.

Au nenda Volksoper, jumba la pili la opera la mji, kwenye kituo cha U6 cha Währinger Straße. Tiketi zake ni nafuu na hazigombewi kama za Staatsoper, na huko huonyeshwa opera, operetta (opera nyepesi) na maonyesho ya muziki, kwa kawaida kwa Kijerumani. Ukikosa *Tosca* Jumanne, angalia kalenda ya Volksoper Jumatano asubuhi, na ya Staatsoper tena saa 4 kamili.